Nani Alisema Ndiyo?

Ukumbi wa Chimwaga ulijengwa ili watu waseme ndiyo. Sisemi hivyo kwa dharau. Chama Cha Mapinduzi kiliujenga kwa ajili ya mikutano yake mikuu, na mikutano ya namna hiyo, kama Bunge lililopo hapo mjini, ina utaratibu wake wa kupitisha jambo. Anayeongoza anauliza wanaoafiki, ukumbi unaitika ndiyooo. Anauliza wasioafiki, panakuwa kimya au vicheko vya chinichini, kisha anatamka kwamba walioafiki wameshinda. Mwezi Mei 2005 Jakaya Kikwete aliteuliwa humo kugombea urais. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa, kikarithi ukumbi ule na eneo kubwa linaloizunguka Chimwaga, kilomita kama nane mashariki ya mji, na mahali pa wajumbe pakawa pa wanafunzi wanaogombea viti vya mbele.

Naanzia ukumbini kwa sababu jambo ninalotaka kulisimulia ni la ndiyo, ila ni ndiyo ndogo sana, ile ya kubonyeza kitufe. Wengi tunaosoma na kuandika hapa tumeshaibonyeza mara mamia bila kusoma kilichoandikwa juu yake. Mimi nilifanya zaidi ya hapo. Niliibonyeza kwa niaba ya watu wengine arobaini, hawajui, kisha nikafuta ushahidi kwamba swali liliwahi kuulizwa.

Ilikuwa 2010. Nilikuwa nasaidia maabara moja ndogo ya kompyuta, si mbali na Chimwaga. Ni ipi, haina umuhimu, kosa lilikuwa langu. Mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam Julai 2009, na magazetini intaneti ilikuwa imeshakuwa ya kasi, lakini kasi hiyo ilikuwa bado haijapanda mlima kuja kwetu. Kompyuta zilikuwa arobaini, nyingi za mtumba, zote zikiugua virusi vya kwenye flashi za wanafunzi. Nikaamua kuzihamishia kwenye Ubuntu. Enzi hizo kampuni ya Canonical ilikuwa bado inatuma diski zake bure kwa posta, popote duniani, unaandika tu sanduku lako na unasubiri. Yangu ilifika na toleo la 10.04. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki ya kwanza ilikuwa shwari. Wiki ya pili wakaja wanafunzi wa mwaka wa mwisho na tasnifu zao.

Kila aliyepita chuo chochote nchini anaijua amri hii: Times New Roman, ukubwa 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu. Msimamizi wako anaweza kusamehe hoja dhaifu, lakini hasamehi mwandiko. Na Times New Roman haikuwemo kwenye Ubuntu, kwa sababu ina mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoijua kazi ya ufungashaji, ambayo inabidi niieleze kidogo kwa wasio wa fani. Mtu ameandika programu, labda yuko Ujerumani, labda Brazil. Ameiandika kwa maandishi ambayo binadamu mwenye ujuzi anaweza kuyasoma. Hayo tunayaita msimbo chanzo. Mfungashaji ni mtu mwingine kabisa. Anauchukua ule msimbo, anaupika mpaka uwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, anakitia kwenye kifurushi na kubandika lebo: jina, toleo, vitu kinavyovitegemea, leseni. Kwa jumuiya ya Debian, ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, kila kifurushi sharti kiwe na faili linaloeleza nani mwenye haki ya nini ndani yake. Programu moja inaweza kuwa na vipande vya watu ishirini, kila mmoja na masharti yake. Fikiria mhariri wa diwani ya mashairi ya washairi ishirini: hawezi kusema tu kwamba kitabu ni changu kwa sababu nimekipanga mimi. Anatakiwa aende kwa kila mmoja.

Sasa, fonti za Microsoft. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilianza kuzitoa bure kwa matumizi ya kwenye wavuti: Times New Roman, Arial, Verdana, Georgia, Comic Sans na nyingine. Mwaka 2002 ikasitisha. Lakini masharti yaliyoambatana nazo yaliruhusu nakala ziendelee kuzunguka, ilimradi ziwe kamili na hazijaguswa, ziambatane na hati ya makubaliano, zisiuzwe kwa faida, wala zisiingizwe ndani ya bidhaa ya mtu mwingine. Kwa mfungashaji huo ni mtego. Kazi yake nzima ni kugusa! Anafungua, anapanga upya, anaingiza ndani ya kitu kikubwa zaidi.

Wafungashaji wakapata ujanja, na nauheshimu mpaka leo. Walitengeneza kifurushi kisicho na fonti hata moja. Ndani yake mna skripti tu. Ukikisimika kwenye Ubuntu kinakuonyesha hati ya makubaliano, kinakuuliza kama unakubali, na ukikubali kinakwenda chenyewe kwenye intaneti kuzichukua nakala asilia na kuzifungulia hapo hapo kwenye mashine yako. Kwa hiyo aliyechukua ni wewe, aliyekubali ni wewe, na mfungashaji amekuonyesha njia tu.

Tatizo la kwanza lilikuwa lile swali lenyewe. Linatokea kwenye kisanduku cha kijivu, kwenye dirisha la maandishi matupu, na chini kuna neno Ok ambalo kipanya hakiligusi. Unatakiwa ubonyeze Tab kwanza, ndipo Enter. Hakuna mahali pameandikwa hivyo. Mashine ya kwanza ilinisimamisha karibu nusu saa, nikabofya mpaka nikadhani imeganda.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Ujanja wenyewe unadhani una intaneti. Kwetu skripti ilikuwa inakwenda kuzitafuta fonti, inasubiri, inakata tamaa. Mara arobaini. Kumbe adabu ile nzuri, ya kumwachia kila mtu akubali mwenyewe na achukue mwenyewe, ilitungwa na watu ambao mtandao kwao ni kama hewa.

Basi nikafanya yangu. Nikaenda kwenye intaneti kafe moja mjini, nikazishusha zile nakala asilia kwa flashi, nikazifungua, nikatoa fonti zenyewe na kutupa maganda pamoja na hati. Nikaunda kifurushi changu, fonti zikiwa ndani, swali halimo. Ingekuwa hata nimebaki na kile cha Ubuntu, kuna zana iitwayo debconf, ya tangu mwishoni mwa miaka ya 90, inayokuwezesha kujibu maswali yote mapema kabla hayajaulizwa. Ni zana halali, iliundwa kwa ajili ya mtu mwenye mashine mia na usiku mmoja. Unaandika mstari mmoja kwamba swali la makubaliano jibu lake ni kweli, na kisanduku cha kijivu hakitokei tena. Zana haiulizi una mamlaka gani ya kujibu. Mimi hata mstari huo sikuuandika. Nililing'oa swali lenyewe.

Jioni moja akaja binti mmoja wa sheria, mwaka wa tatu. Alikuwa amesaidiwa na rafiki yake kuweka Ubuntu kwenye laptop yake, mahali penye intaneti nzuri, na alikutana na kisanduku cha kijivu. Yeye ndiye binadamu pekee ninayemfahamu aliyekisoma mpaka mwisho.

"Kaka," aliniambia, "kwenye mashine za hapa hizi fonti zimo, lakini lile swali sikulikuta. Nani alilijibu?"

Nikamwambia nimelijibu mimi, kuwarahisishia.

"Umejibu kwa niaba yetu?"

"Ndiyo."

Akacheka. "Haya, basi sisi ni watu wa Msovero."

Kwa msomaji ambaye si Mtanzania: shule ya msingi tulifundishwa kwamba tarehe 29 Novemba 1884 Mangungo, mtawala wa Msovero katika Usagara, alitia alama kwenye karatasi ya Carl Peters, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akizunguka kwa niaba ya chama chake cha ukoloni. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Ilizungumzia urafiki wa milele, na ndani ya urafiki huo Mangungo alikuwa anaitoa ardhi yake yote na haki zake zote. Tarehe 27 Februari 1885 karatasi hiyo na nyingine za aina hiyo zilipata hati ya ulinzi ya Kaisari kule Berlin, na habari iliyofuata tunaijua. Msovero si mbali na kwetu. Ukishuka kutoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, ukifika Dumila unakata kulia kuelekea Kilosa, utapita hapo. Na jina la Mangungo limebaki kuwa tusi. Mkataba wowote mbovu wa madini ukizuka, mtu hakosi kusema ni wa kina Mangungo.

Nilikerwa, maana kila mtu akitaja hadithi ile hujiweka upande wa wanaodhulumiwa. Nilichokuwa sijawahi kufikiria ni kwamba Mangungo mwenyewe alikuwa anakubali kwa niaba ya wengine. Sikuwa Peters, sikuwa na bunduki wala chama Berlin. Nilikuwa yule aliyeweka alama kwenye karatasi asiyoisoma, na arobaini nyuma yangu wakafungwa nayo.

Yule binti hakuishia hapo, wanasheria hamjambo. Alinieleza kwamba sheria yetu ya mikataba, iliyofuata ile ya India ya 1872, inasema watu wamekubaliana pale wanapokubali jambo lile lile kwa maana ile ile. Ukilichukua hilo kwa dhati, alisema, Mangungo hakukubali kitu. Alikubali urafiki, mwenzake akakubali ardhi. Ni mambo mawili kwenye karatasi moja. Kwa hiyo tunamtukana bure.

"Na mimi?"

"Wewe ni afadhali umtukane." Kisha akafikiri. "Mtu anaweza kukubali kwa niaba ya mwingine kama ametumwa. Hukutumwa. Au yule mwingine akija kuridhia baadaye. Haya, mimi naridhia, nina tasnifu ya kumaliza. Lakini hao wengine thelathini na tisa? Na kwanza mashine si zangu. Mwenye mashine ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Ningeweza kuliacha suala pale. Nani angekuja Dodoma kutoka Redmond kuniuliza? Lakini swali lilinikaa, na kwa miezi kadhaa nikawa nasoma jinsi watu wengine waliopita njia hii walivyolishughulikia. Nilikuta historia ambayo sikuitegemea, imejaa watu wakaidi.

Kuna jumuiya ya Gentoo, ambao hawakupi kitu kilichopikwa. Wanakupa maelekezo, na msimbo chanzo unapikwa kwenye mashine yako mwenyewe. Mtu wa Gentoo anaweza kuiacha kompyuta usiku kucha ikipika programu mia mbili, kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Sasa fikiria katikati ya usiku programu ya sitini, mchezo fulani wa video, inasimama na kuuliza: unakubali? Mwenyewe amelala. Asubuhi anakuta sufuria limepoa. Mwaka 2004 wakaandika pendekezo la kulimaliza hilo. Kila kifurushi kitaje leseni yake kwa jina, na kila mwenye mashine aandike mara moja, kwenye faili lake la mipangilio, leseni za aina gani anazikubali. Zile za programu huria ziliwekwa kwenye kundi lake, na zile zinazodai ukubali kwa kutamka zikawekwa kwenye kundi lake pia. Hizo za pili, usipoziandika mwenyewe, mfumo unakataa kukusimikia. Haukuulizi usiku wa manane, na haukujibii.

Ninachokipenda hapo ni kwamba ndiyo haikufutwa. Ilisogezwa tu, ikapelekwa mahali ambapo mwenyewe yuko macho. Ningekuwa na akili hiyo 2010, ningemkalisha mwenye maabara dakika kumi, tukasoma pamoja, akaandika jibu lake, ndipo mimi nikalipeleka kwenye mashine zote. Dakika kumi!

Kisa cha Java ni kirefu na nitakipitia haraka. Kwa miaka mingi Sun Microsystems iliitoa bure, lakini wafungashaji hawakuruhusiwa kuisambaza kwa njia zao za kawaida. Mei 2006 Sun ilitoa leseni mpya iliyoandikwa mahsusi kwa ajili yao, na upesi Java ikaingia Debian, kwenye ghala la pembeni la vitu visivyo huria, ikiwa na swali la makubaliano mlangoni. Ukazuka ubishi mkali. Ndani ya leseni kulikuwa na kifungu kinachomtaka msambazaji aikinge Sun na gharama fulani kukitokea madai, na watu wakauliza: wale wachache waliopokea kifurushi, walikuwa na mamlaka ya kuikubalia jumuiya nzima mzigo huo? Niliposoma hapo nilimkumbuka yule binti. Watu wenye mawakili na miaka mingi ya uzoefu walikuwa wamekwama kwenye swali lake. Halikujibiwa vizuri. Novemba mwaka huo huo Sun ilitangaza kuitoa Java chini ya leseni huria ya GPL, na swali likafa taratibu kwa kukosa kazi.

Na kuna D. J. Bernstein, mwanahisabati aliyeandika qmail, programu ya kupeleka barua pepe iliyosifika kwa usalama. Huyu hakutaka mtu asambaze qmail iliyobadilishwa. Basi Debian wakawa wanakupa msimbo wake kama ulivyo, na maelekezo pembeni: jipikie mwenyewe. Aliushikilia msimamo huo miaka karibu kumi, kisha mwishoni mwa 2007 akaiachia qmail iwe mali ya umma. Kwa siku moja vifurushi vya kujipikia vikawa historia.

Lakini kilichonibadilisha ni kusoma ile GPL yenyewe, toleo la pili, la 1991. Nilikuwa nimeiona mara nyingi kwenye visanduku vya kusimika programu, na kitufe cha Nakubali chini yake, nikaichukulia kuwa ni hati kama nyingine. Siku moja nikaisoma kifungu kwa kifungu. Kifungu cha tano kinasema hulazimiki kuikubali leseni hii, kwa kuwa hujaisaini. Kutumia programu hakuhitaji ndiyo yako. Unapoinakili kwa ajili ya wengine, unapoibadilisha na kuisambaza, hapo ndipo unapohesabiwa kuwa umekubali, kwa tendo lenyewe. Toleo la tatu, la 2007, limelirudia hilo kwa uwazi zaidi. Kwa maana nyingine, vile visanduku vyote vinavyomlazimisha mtumiaji abonyeze Nakubali chini ya GPL vinamuuliza mtu asiyehusika. Anayefungwa ni mbebaji. Ni mimi.

Nilicheka peke yangu chumbani. Kwenye zile fonti, ambako kila mpokeaji alitakiwa aulizwe, niliwanyamazisha. Kwenye mamia ya programu huria nilizowasimikia, ambako wao hawakutakiwa kuulizwa kitu na mimi ndiye niliyekuwa na wajibu, sikuwa nimetimiza hata mmoja. GPL inamtaka anayesambaza programu iliyopikwa atoe pia msimbo chanzo, au aahidi kwa maandishi kuutoa. Mimi nilikuwa nagawa DVD za vifurushi kushoto na kulia. Msimbo chanzo sikuwa nao hata kwa dawa.

Neno la lugha, kwa sababu tuko kwenye ukurasa wa fasihi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi IT+46 ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta ikiongea Kiswahili. Hiyo ni kazi kubwa na haijasifiwa vya kutosha. Lakini menyu zikishakuwa Kiswahili, leseni inabaki wapi? Free Software Foundation, wenye GPL, hawaidhinishi tafsiri yoyote kuwa na nguvu ya kisheria. Unaruhusiwa kutafsiri, ila sharti uandike kwa lugha zote mbili kwamba tafsiri si rasmi na kinachohesabika ni Kiingereza. Sababu yao naielewa: kosa la mtafsiri mmoja linaweza kuwaangusha maelfu. Hata hivyo inamaanisha Mswahili anaweza kuandika, kuhariri, kuchapa na kuhifadhi kwa lugha yake, ila kukubali atakubali kwa lugha ya mwingine. Nilijaribu kukitafsiri kile kifungu cha tano kwa ajili ya wanafunzi. Ugumu haukuwa kwenye istilahi. Ulikuwa kwenye lile neno kukubali, ambalo kwetu linabeba mengi: kuafiki, kuridhia, kupokea, na pia kusalimu amri. Mtoto aliyechapwa naye hukubali.

Turudi kwenye fonti. Nilipoanza kutafuta njia ya kulitoa lile kosa kwenye mashine arobaini, niligundua jambo la aibu. Mei 2007 kampuni ya Red Hat ilikuwa imetoa fonti zake ziitwazo Liberation, huria. Mojawapo, Liberation Serif, ilichorwa upya kabisa, lakini kila herufi ina upana sawasawa na mwenzake wa Times New Roman. Waraka wako ukifunguliwa kwa Liberation, mstari unakatika pale pale na ukurasa unaisha pale pale. Na zilikuwemo kwenye ile diski niliyotumiwa kwa posta! Zilikuwemo siku zote, na mimi nilipanda daladala kwenda kafe kutafuta nyingine. Sikuangalia, kwa sababu nilikuwa natafuta jina. Wasimamizi nao walikuwa wanatafuta jina, lakini wao walikuwa wakiletewa karatasi, na kwenye karatasi hakuna aliyewahi kuona tofauti.

Basi nikaviondoa vifurushi vyangu, mashine moja baada ya nyingine, kwa wiki moja. Yule binti alikuja kuchapa sura yake ya tano, hakugundua kitu, nami sikumwambia mpaka alipomaliza.

Zikabaki DVD. Nilikuwa nimempa moja mzee wa steshenari jirani na pale, yule ambaye hata riwaya za kidato cha nne ukimpelekea atakutolea kopi na kukuwekea jalada. Nilimpa bure, kwa ajili ya wanafunzi. Nikamkuta amezipanga kwenye kioo, kama ishirini, kila moja shilingi 2,000, na juu ameandika kwa kalamu nene: UBUNTU NA FONTI ZOTE.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hizi fonti haziruhusiwi kuuzwa."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa kwenye makubaliano yake."

"Yako wapi?"

Hayakuwemo. Niliyatupa mwenyewe, na swali lililokuwa limwonye nililing'oa mwenyewe. Mzee alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyevunja kitu. "Mwalimu, ulinipa bure, hukusema neno. Mimi nauza plastiki na muda wangu."

Hakuwa na kosa hata chembe, na nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale mbele ya kioo. Nikazinunua zote zilizobaki. Zilizokwisha kuuzwa sijui ziko wapi. Bila shaka chache bado zinazunguka, maana diski za Dodoma hazifi haraka, hakuna unyevu.

Baada ya wiki mbili nikamrudia na diski mbili mpya. Ya kwanza ilikuwa na vifurushi huria vitupu, Liberation zikiwemo, na faili moja la Kiswahili likieleza kwamba anaruhusiwa kunakili na kuuza kwa bei anayotaka. Ya pili ilikuwa na msimbo chanzo wa vitu vyote vya kwenye ile ya kwanza. Nikamweleza kwamba mteja yeyote akiiomba hii ya pili, ampe.

"Kwa bei gani?"

"Gharama ya kunakili tu."

Akaitazama. "Na nani ataiomba?"

"Labda hakuna." Na kweli, mpaka anafunga duka lile miaka kadhaa baadaye, hakuna aliyeiomba.

Akaiweka ya kwanza kwenye kompyuta yake ili aijaribu, akasimika fonti, akangoja. Hakuna kisanduku kilichotokea. Alikuwa amezoea programu za aina zote, anajua zinavyoanza.

"Pa kukubali ni wapi?"

Nikamwambia hapa hakuna. Yeye kama mtumiaji haulizwi. Akizinakili na kuuza ndipo anapokuwa amekubali, na masharti yake ndiyo yale ya diski ya pili.

Aliitoa, akaigeuza upande wa pili, akautazama ule mng'aro kana kwamba kitufe kitakuwa huko.

"Sasa," akasema, "kama sikubali popote, nitajuaje kwamba ni yangu?"